Sahani ya Kwanza ya Mama Kiragu

Pikapu ya maziwa ilikuwa imepita mashamba ya mahindi mpaka Fridah Nakhungu akaacha kuuliza wamefika wapi. Alikaa mbele kando ya dereva, mikebe mitupu ikigongana nyuma, na kila alipouliza, Zachary alimjibu kwa kidevu, akiuonyesha mlima. Mlima wenyewe haukuonekana kichwa. Ulikuwa umejifunga wingu shavuni kama mtu anayeumwa na jino.

"Hapo mbele ndio Endebess," Zachary akasema mwishowe. "Ukiona mtu anakula barabarani, jua tumefika."

Fridah alidhani ni mzaha wa kawaida wa Zachary, ambaye ni mwana wa shangazi yake na hajawahi kusema jambo moja kwa moja tangu utotoni. Kwao Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma, jua lilikuwa limewaka asubuhi ile kama kawaida yake. Huku, safari ya nusu siku tu, alikuwa amejikunyata ndani ya sweta ya kuazima na bado meno yalimcheza. Miaka mingi alikuwa amewapikia watu nje ya uwanja wa michezo, mpaka siku vibanda vyote vilipoondolewa na yeye akabaki na sufuria zake uani kwa mama yake. Ndipo Zachary alipomletea habari kwamba kuna mama mmoja huko juu anatafuta mpishi. Sharti lilikuwa moja, asiwe mtu wa kununa.

Kisha akamwona. Mbele ya hoteli ya mabati yaliyopakwa rangi ya samawati, kwenye benchi lililotolewa nje kabisa, alikaa mwanamke mkubwa wa kila upande, kitambaa kimefungwa shingoni, sahani ya maharagwe ya madondo na chapati mapajani. Alikuwa ameielekea barabara. Hakula kama mtu mwenye njaa. Alikula kama mtu anayesoma risala mbele ya mkutano: polepole, akiinua macho kila baada ya tonge kuhakikisha anasikilizwa.

"Mbona anakula nje na baridi hii?" Fridah akanong'ona.

"Muulize mwenyewe. Mimi niliuliza nikapewa chapati, nikasahau swali."

Mwanamke hakuinuka. Alimtazama Fridah kutoka viatu mpaka nywele, akatafuna, akameza.

"Zachary, nilikuambia lete mpishi. Umeniletea mwiko?"

"Mwiko ndio unageuza ugali, mama," Fridah akasema kabla hajajizuia.

Kicheko kilichofuata kilianzia tumboni kwa yule mama, kikapanda mabegani, kikatikisa benchi. Mbwa aliyelala kando akaamka akahamia mahali pengine. "Huyu atakaa," mama akamwambia Zachary. Kisha kwa Fridah: "Ingia ndani, msichana wangu. Baridi ya huku haina heshima kwa wageni."

Hivyo ndivyo Fridah alivyoingia kwa Wacuka, ambaye Endebess yote ilimwita Mama Kiragu. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na tisa.

Wacuka alizaliwa upande wa Kirinyaga, akaletwa Trans-Nzoia mgongoni kwa mama yake wakati baba yake alipopata kipande cha shamba lililoachwa na mzungu. Hakukumbuka kwingine. Alikulia katikati ya Wabukusu, Wasabaot na Wakikuyu wenzake, na kila kundi lilimwachia kitu mdomoni. Alitukana kwa lugha tatu na kubariki kwa nne. Fridah alimsikia akipatana bei ya maziwa kwa Kisabaot, akageuka kumgombeza mpasua kuni kwa Kibukusu safi kuliko cha vijana wa Kanduyi, kisha akaomba Mungu kwa Kikikuyu juu ya sufuria, yote kwa pumzi moja. Watu husafiri nchi nyingi kutafuta masikio ya namna hiyo. Yeye aliyapata kwa kukaa mahali pamoja na kuuza chai.

Lakini kilichojulikana zaidi ilikuwa sauti. Asubuhi, akishamaliza sahani yake, alisimama mlangoni na kuita: "Chapati iko! Madondo iko! Chai ya ng'ombe, si ya pakiti!" Sauti ilivuka barabara, ikapita stendi, ikawakuta wanaume wakipakua magunia upande wa pili, nao wakaanza kujipangusa mikono.

Na mwili wake ulisifiwa kama watu wanavyolisifu shamba. "Mama Kiragu, umenona!" Kipruto angesema akishusha mikebe yake ya maziwa. Kipruto alikuwa mfugaji wa huko juu kuelekea msituni, mteja wa kila siku na mchokozi wa kila siku.

"Nimenona na bado! Wewe ng'ombe zako zingekula hivi, tungekuwa tunakunywa siagi."

"Ng'ombe zangu hazina mtu wa kuzipikia."

"Basi zioe."

Ilimchukua Fridah majuma kadhaa kuuliza lile swali lake la siku ya kwanza. Walikuwa wakiosha vyombo, mchana, wateja wameisha. Kufikia hapo alikuwa ameacha kumwita mama na kuanza kumwita Mayi, kama anavyomwita mama yake mzazi, na Wacuka alikuwa ameitika bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

"Mayi, kwa nini unakula nje?"

Wacuka aliendelea kusugua sufuria. "Ulimjua mume wangu? Huwezi kumjua. Muigai. Alikuwa mtu wa kuimba. Alishikwa na kifua kikuu, akakonda, akakonda, mpaka nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Tulipomzika, watu walikula chakula changu cha matanga vizuri sana. Kesho yake hakuna aliyerudi hotelini."

"Kwa nini?"

"Msichana, wewe umezaliwa lini? Mtu akikonda akafa miaka ile, kulikuwa na jina moja tu. Na mjane wake alihesabiwa kwenye foleni. Nilienda Kitale nikapimwa damu. Mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili hakuna kitu. Sasa hayo majibu ningeyabandika wapi, kwa paji la uso?" Alisuuza sufuria, akaiinamisha. "Nikakaa siku moja nikasema, hawa watu wanasoma mwili. Basi nitawaandikia. Nikatoa benchi nje. Nikajipakulia sahani ya kwanza, kubwa, na nikaila mbele ya barabara. Kesho tena. Kesho tena. Walipoona naongezeka, wakaanza kuja. Mmoja, wawili. Huyu Kipruto ndiye alikuja kwanza, lakini usimwambie nimesema, atataka chai ya bure."

Alicheka. Fridah hakuweza kucheka naye mara moja. Alikuwa akiitazama ile mikono minene kwenye povu na kufikiria kwamba kila mkunjo wake ulikuwa umekuzwa kwa makusudi, tonge kwa tonge, mbele ya watu.

Uvimbe ulijulikana Jumapili moja. Wacuka alivalia kwenda kanisani, blauzi nyeupe ya kina mama yenye kola ya juu, na kifungo cha kola hakikufika mahali pake. Alimwita Fridah amsaidie. Fridah alisimama nyuma yake, akazungusha mikono, akavuta, na vidole vyake vikagusa kitu chini ya mafuta laini ya shingo. Kitu kigumu, kama mbegu ya parachichi. Wacuka akameza mate, na kile kitu kikapanda, kikashuka, chini ya vidole.

"Mayi, hii ni nini?"

"Ni shingo. Hujawahi kuona shingo?"

"Kuna kitu kinatembea."

"Ni rovu. Nyanya yangu alikuwa nalo kama chungu, akaishi mpaka akasahau majina yetu. Ama ni mafuta. Funga kola, tumechelewa."

Fridah alifunga kola, lakini hakufunga mdomo. Alisema Jumatatu akikanda unga, akasema Jumanne akichagua maharagwe. Alisema kila alipomwona Wacuka akisimamisha tonge katikati na kunywa maji ili lipite. Mwishowe Wacuka akamwambia Zachary, "Nipeleke Kitale na huyu inzi wako, akasikie kwa masikio yake kwamba mimi ni mnono tu."

Daktari aliitwa Chelimo, mwanamke mtulivu aliyesimama nyuma ya mgonjwa kama alivyosimama Fridah siku ile ya kola, akampa Wacuka glasi ya maji na kumwambia ameze. Alimpima kwa mashine. Alichukua maji ya ule uvimbe kwa sindano nyembamba, yakapelekwa Eldoret. Waliporudi kusikiliza majibu, Chelimo alivuta kiti chake akaja upande wao wa meza, na Fridah akajua kabla hajaambiwa.

Ilikuwa saratani ya tezi, ile tezi iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo. Ya aina inayotembea polepole, daktari alisema, na wengi wanaofanyiwa upasuaji mapema wanapona.

Wacuka aliutazama mwili wake. Kisha akauliza swali ambalo Fridah hakulitegemea. "Ni kwa sababu ya huu mwili?"

Chelimo akamweleza. "Zamani tulifikiria mafuta ya mwili ni kama ghala, mama. Unaweka, unafunga mlango, yanangoja siku ya njaa. Sasa wanaochunguza mambo haya wanaona yanafanana zaidi na jikoni. Yanafanya kazi mchana na usiku, yanatuma kemikali kwenye damu. Yakizidi sana, askari wa mwili wanakusanyika huko kana kwamba kuna kidonda. Unajua kidonda kinavyovimba na kuwa moto. Fikiria moto kama huo, lakini mdogo, hauumi, huuoni, na unakaa miaka na miaka. Seli zikiishi karibu na moto huo, zinaweza kusukumwa kuzaana ovyo. Na inaonekana watu wenye miili mikubwa wanapata saratani hii mara nyingi kidogo kuliko wembamba."

"Kwa hivyo nimejipikia ugonjwa."

"Sijasema hivyo. Nimesema mara nyingi kidogo. Wako wembamba kama huyu dada wanaoipata. Wako wakubwa kuliko wewe wanaozeeka bila kuijua. Hata wanaochunguza hawajakubaliana kama ni mafuta yenyewe ama kitu kinachotembea pamoja nayo. Kwako wewe hakuna daktari anayeweza kuapa."

"Lakini moto uko."

"Huenda uko. Na kupunguza uzito pole pole ni kuzuri, kwa moyo, kwa sukari, kwa magoti yako. Lakini huu uvimbe hautayeyuka kwa kukonda. Huu unatolewa kwa kisu." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu, akaongeza kwamba mshipa wa fahamu unaotuma nguvu kwenye sauti unapita nyuma ya tezi, kwamba wapasuaji wanauchunga sana, na kwamba mara chache unaguswa, sauti ikabaki ya kukwaruza au kunong'ona.

Walipangiwa siku ya Eldoret. Kiragu, mtoto pekee wa Wacuka, alikuwa fundi wa magari huko na angempokea.

Njiani kurudi, Wacuka alitazama mashamba kwa muda mrefu. "Umesikia? Moto," akasema.

"Nimesikia kisu," Fridah akajibu.

Kila mmoja alikuwa amebeba nusu yake ya maneno ya daktari, na hakuna aliyeweza kumpokonya mwenzake.

Kwa sababu Wacuka alikuwa mpishi, na moto ilikuwa kazi yake. Alikuwa amepika kwa kuni tangu aweze kuinua ukuni. Alijua moto wa maharagwe na moto wa chapati, alijua kuamsha makaa yaliyolala chini ya jivu, na alijua jinsi moto unavyozimwa bila kumwaga maji na kuharibu meko: unaondoa kuni. Basi akaondoa. Asubuhi iliyofuata benchi halikutoka nje. Akaanza kunywa maji moto yenye limau na kula mboga za majani kidogo jioni, bila chumvi, bila mafuta, bila ugali. Siku ya Eldoret ilipofika, alimtuma Zachary aseme ana mafua.

"Mayi, mafua gani?"

"Nazima moto. Ukishazima, hicho kitu kitakosa cha kukipika. Kwa nini nikatwe koo kama kuku na kumbe ningeweza kufunga kula?"

"Daktari alisema hakiyeyuki."

"Daktari amesoma vitabu. Mimi nimesoma meko."

Alikonda. Kwanza mashavu, kisha mikono, kisha nguo zikaanza kumtembelea mwilini kama za kuazima. Magoti yaliacha kumuuma, akafurahia hilo, akapanda ngazi ya kanisa bila kupumzika na kutangaza kwa kila mtu. Lakini shingo ilikuwa na mambo yake. Mikunjo iliyokuwa ikisifiwa ilipoanguka, ule uvimbe ulibaki peke yake mbele, wazi, kama jiwe mtoni maji yakipungua. Wacuka alibadilisha kitambaa cha shingo akatafuta kikubwa zaidi.

Na barabara, ambayo kwa miaka minane ilikuwa imemsoma kila asubuhi, iliendelea kusoma.

Hakuna aliyesema kitu usoni pake. "Umenona" iliondoka tu kwenye salamu na hapakuwekwa kitu mahali pake. Wapakuzi wa magunia wakaanza kunywa chai upande wao wa barabara. Mama mmoja wa kanisani alileta uji, akauacha mlangoni bila kuingia. Fridah alianza kutupa chapati jioni, na hilo lilimuuma, kwani hakuna mpishi anayezoea kutupa.

Siku moja Kipruto alikaa peke yake na chai yake mpaka ikapoa. "Dada," akamwita Fridah kwa sauti ya chini. "Niambie tu. Mama ameanza zile dawa? Kuna watu wanasema Muigai amemfikia sasa. Ati alikuwa akimngoja tu."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Hao watu hawana majina?"

"Si wewe unajua vile watu wako, bana. Mimi nauliza kwa sababu dawa siku hizi ziko. Mtu anaishi. Dada yangu anazinywa, na analima kunishinda. Nataka tu kumwambia asione haya."

Pazia la jikoni lilitikisika. Wacuka alikuwa amesimama nyuma yake. Alichukua sahani kubwa kuliko zote, akapakua madondo mpaka yakamwagika, akaweka chapati juu, na nyingine juu yake, akatoka nje nayo bila benchi, akasimama barabarani na kuanza kula.

Alikula kama mtu anayepigana. Tonge juu ya tonge, bila kutafuna vizuri, macho yakiwa mekundu. Wapakuzi wakageuka kutazama. Halafu tonge moja likakwama nyuma ya ule uvimbe, na Mama Kiragu akaanza kukohoa na kuinama, sahani ikamtoka mkononi.

Fridah alimfikia kwanza, Kipruto nyuma yake. Walimpiga mgongo mpaka tonge likatoka, wakamwingiza ndani, wakamkalisha kwenye gunia la unga. Kipruto akatoka kwenda kuokota sahani.

"Wataona nimenona tena," Wacuka akasema, akitafuta pumzi. "Mwezi mmoja tu. Nipe mwezi mmoja nile."

"Juzi ulikuwa unazima moto. Leo unaongeza kuni."

"Sasa wewe ulitaka nifanye nini? Nikila, nalisha kile kitu. Nisipokula, wananizika wakinitazama. Nikienda Eldoret nirudi nikinong'ona kama panya, nitaita wateja na nini?"

Fridah alipiga magoti mbele yake, akashika ile mikono iliyokuwa imepungua. "Mayi, sikiliza mpishi mwenzako. Ukiondoa kuni, moto unazima. Hiyo najua. Lakini ugali ukishaungua chini, hata uzime moto wote wa Endebess, hautarudi kuwa unga. Unafanya nini na sehemu iliyoungua?"

Wacuka alitazama meko.

"Unafanya nini nayo, Mayi?"

"Unakwangua," Wacuka akasema mwishowe, kwa uchovu. "Unakwangua na kisu."

"Na moto?"

"Moto unaupunguza ule mwingine usiungue."

"Basi."

Alilia kidogo, kwa Kikikuyu, kisha akajipangusa kwa kile kitambaa cha shingoni na kuuliza kwa nini madondo yalikuwa na chumvi nyingi hivyo, nani aliwafundisha watu wa Kanduyi kupika. Fridah akajua amerudi. Jioni ile walimpigia simu daktari Chelimo. Chelimo hakumgombeza. Alisema muda uliopotea haukuwa mwingi, na akampa siku nyingine.

Siku hiyo iliangukia siku ya soko. Asubuhi watu walikuwa wamejaa barabarani na mbuzi wao na mafungu yao ya viazi. Pikapu ya Zachary ilisimama mbele ya hoteli, mikebe ikiwa imefungwa kamba isipige kelele, kwa heshima ya abiria. Wacuka alitoka amevaa ile blauzi nyeupe ya kanisani, na kola yake haikuwa imefungwa. Kitambaa cha shingo hakikuwepo. Alilibeba benchi mwenyewe, akaliweka mahali pake pa zamani, akakaa. Kisha akamwita Fridah amletee sahani ya kwanza.

"Kubwa ama ndogo?"

"Ya mtu. Lete ya mtu wa kawaida."

Daktari alikuwa ameruhusu ale kidogo, kwani kisu kilikuwa cha kesho yake. Alikula vijiko vichache bila haraka, na uvimbe ukawa unapanda na kushuka shingoni mwake mbele ya soko lote. Watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mmoja akasimama, wengine wakasimama kwa sababu yake.

"Kipruto!" Wacuka akaita. "Njoo hapa."

Kipruto alikuja akiwa ameshika kofia yake.

"Uliuliza swali. Sasa shika jibu. Hapa." Alielekeza shingo. "Shika, usiogope. Si parachichi, usiminye sana."

Watu wakacheka kabla hawajajua kama inafaa. Kipruto alinyoosha kidole kimoja, akagusa, na Wacuka akameza kwa makusudi. Kipruto akarudisha mkono kama aliyeguswa na umeme.

"Kinatembea!"

"Kinatembea. Na leo kinatembea mpaka Eldoret, na hakina tikiti ya kurudi." Aliinua sauti, ile sauti. "Ni saratani ya tezi ya koo, na inatolewa. Si Muigai. Muigai amelala, mwacheni alale. Na nyinyi mama wenye shingo nzuri, mnaosifiwa, mkifika nyumbani simameni mbele ya kioo mnywe maji. Mkiona kitu kinapanda na kushuka, msiseme ni mafuta. Mimi nilisema ni mafuta."

Mama mmoja kando ya mafungu ya viazi alikwishapeleka mkono shingoni. Wengine wakatazamana. Yule aliyeacha uji mlangoni alikuja akamshika Wacuka bega, akabaki amelishika tu.

Fridah alimsindikiza mpaka mlango wa pikapu. Alikuwa amemfungia maziwa lala kwenye chupa na sweta mbili, na alikuwa amejiahidi kutolia mbele ya Zachary.

"Maharagwe yalowekwe jioni, si asubuhi," Wacuka akasema akipanda, sasa bila kusukumwa. "Kuni za mti wa mlimani usimalize. Na hilo benchi, ukitaka liingize ndani. Hata mimi nikirudi nitakula ndani na watu. Nimechoka na upepo."

"Na nani ataita?"

Wacuka alitazama mbele, kwenye kioo chenye vumbi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukaonyesha hofu yake yote. "Nikirudi na sauti, nitaita. Nikirudi bila sauti, nitakuonyesha kwa mkono na wewe utaita. Mpishi asiyenuna, si ndio nilisema?"

"Mayi," Fridah akasema, akamfungia mlango wa gari.

Zachary akawasha gari. Pikapu ilipoanza kusonga katikati ya mbuzi na viazi, dirisha lilishuka, na kichwa cha Wacuka kikatoka nje, shingo wazi, upepo wa mlima ukimpiga. Kama mtu anayetumia kitu kabla hakijachukuliwa, akaita kwa nguvu zake zote: "Chapati iko! Madondo iko! Chai ya ng'ombe, si ya pakiti!" Aliita tena wakipita stendi. Aliita tena pikapu ilipofika penye mahindi, na watu wa soko wakasimama kimya kusikiliza mpaka barabara ikapinda na mahindi yakaifunika ile sauti.

Fridah alibaki amesimama. Kwenye benchi kulikuwa na sahani iliyoliwa nusu, na kijiko chake. Aliichukua, akaona Kipruto na wapakuzi wawili wamesimama pale pale, kofia mikononi, hawajui waingie au waondoke.

Alijipangusa macho kwa aproni. Akasimama mlangoni, mahali penye simenti iliyolika kwa miguu ya mwingine, akavuta pumzi. "Chapati iko," akaita. Ilitoka nyembamba, haikuvuka hata barabara. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Madondo iko!"

"Nani huyo anaita?" mtu akauliza kutoka upande wa magunia.

"Wa hapa hapa!" Kipruto akamjibu, akainama chini ya mlango na kuingia.